Kuba Lililoshonwa kwa Sindano

Nyinyi vijana mnaokwenda Wanyange siku ya Idi na kusimama chini ya kuba na simu zenu, kwanza pangeni viatu mlangoni, visikae kama vimemwagwa. Pili, acheni kubahatisha. Nimemsikia mmoja wenu akimwambia mgeni kwamba msikiti wetu ulijengwa na Waarabu wa miaka elfu iliyopita. Mwingine akasema Waturuki. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka, mzima kabisa, ulimi wangu hauumwi, na hakuna aliyeniuliza. Basi nawaandikia. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Tafuteni habari.

Msikiti ule ni mdogo. Umekaa ubavuni mwa ile nyumba kubwa ya juu ya kilima kama ndama ubavuni mwa mama yake. Vyote viwili alivijenga tajiri wa pamba, Mhindi Mwislamu, zamani za Waingereza. Nyumba aliijenga kama matajiri wote wa Jinja wa wakati huo, na baraza pana na nguzo za kujivunia. Lakini msikiti hakutaka wa kisasa. Baba yangu, aliyekuwa akilinda ghala la pamba, alisema tajiri alichukua mkaa akachora kwenye sakafu ya baraza msikiti wa mji wa babu zake huko India, uliojengwa wakati wa masultani, wa kale mno hata wenyeji hawajui nani aliweka jiwe la kwanza. Akawaambia mafundi: jengeni huu, ila mdogo.

Ndiyo maana kuta zake ni nene, mtoto anaweza kulala dirishani akajinyoosha. Ndiyo maana matao yana ncha juu, kama viganja viwili vinavyokaribia kukutana. Mihrabu imechongwa mifereji kama ubavu wa boga. Vidirisha vya upande wa ziwa si vya kioo, ni mawe yaliyotobolewa matundu matundu, na jua la alasiri lilikuwa likiingia kwa vipande vipande sakafuni. Sisi watoto tulikuwa tunaruka kutoka kipande hadi kipande mpaka tufukuzwe. Mbele, juu ya mihrabu, ndiko kulikuwa na kuba. Sehemu nyingine yote ilikuwa mabati. Watu waliposema amin, kuba lilikuwa linaipokea na kuirudisha chini nene zaidi, mpaka unadhani kuna safu nyingine ya watu wanasali juu yetu.

Mimi niliolewa chini ya kuba hilo. Shikeni hapo.

Halafu tajiri akafukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, nyumba akakaa afande, na baada ya afande ikaja vita. Nyinyi mnaijua kwa kusoma. Sisi wajukuu wa askari waliotoka Sudan, tuliohesabiwa watu wa afande, tuliijua kwa miguu. Nilitembea kuelekea kaskazini na binti yangu mgongoni, nikavuka mpaka, nikaishi kambini miaka mingi kuliko nilivyotaka. Vifuniko vyangu vyote vya chakula, vile vya ukindu tunavyoviita tabaga, vilibaki ukutani. Mama yangu alinishonea vingine, vingine nilishona mwenyewe. Sikuviona tena, na huko kambini sikushona hata kimoja. Unafunika nini?

Tuliporudi, binti yangu alikuwa mrefu kunizidi. Pale chini ya kilima palikuwa na mwanamke anauza nyanya. Nikamsalimu kwa Kiswahili. Akavuta gunia akafunika nyanya zake. Sikukasirika sana. Kiswahili alikuwa amezoea kukisikia kutoka kwa wenye bunduki, na wenye bunduki hawakuwa wakilipa. Nikanunua kwa kuonyesha nyanya kwa kidole.

Juu kilimani mabati ya msikiti yalikuwa yameondoka na watu wasiojulikana, yaani wanaojulikana sana. Kuba nalo lilikuwa limebaki mdomo tu. Askari walilifanya shabaha ya kuchezea, na mvua ikamaliza. Ndani walikaa mbuzi. Beberu mmoja mwekundu alikuwa amechagua mihrabu, amesimama humo anatutazama kama sisi ndio tumechelewa. Tajiri hakurudi. Alituma salamu tu, kwamba nyumba itapata mnunuzi, na msikiti ni wa wanaosali.

Sasa, binti yangu akapata mchumba. Kijana wa Mbale, fundi wa mashine kule upande wa viwandani, mpole, anakula vizuri. Tatizo lilikuwa baba yake. Baba yake alikuwa mwashi, haji, mtu mwenye mikono kama makoleo na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Nilipokwenda Mbale na mdogo wangu wa kike kuzungumza mambo ya siku, alituketisha, akatupa chai, akatangaza kama anasoma taarifa ya habari.

"Nikah itakuwa hapa Mbale. Kwenu nimepita, nimeona. Mna kuta nne na mbuzi. Nani atafungisha ndoa, beberu?"

"Beberu wetu hunyamaza wageni wakizungumza," nikamwambia. "Kwa hilo anakushinda."

Mdogo wangu akapaliwa na chai. Mimi sikucheka. Nikamwambia haji mambo yalivyo. Binti huozeshwa kwao. Huyu amekulia kwenye ardhi ya kuazima, chini ya hema la kuazima. Nikimtoa kwenye ua wa watu wengine, majirani watasema hawa hawakurudi, wanapita tu. Na yeye mwenyewe ndivyo atakavyowaambia watoto wake: sisi kwetu hakuna.

Haji akakuna ndevu. "Mimi sisemi hamna kwenu. Nasema hamna paa."

"Wewe ni mwashi au ni muuza maneno? Njoo uezeke."

"Nitakuja kuona tu."

Mwashi akisema anakuja kuona tu, msimwamini. Alikuja amevaa koti jeupe na kofia ya safari. Akamtoa beberu kwenye mihrabu kwa kumshika pembe, bila hasira, kama anayemsogeza mzee kwenye benchi. Akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Akakwangua chokaa ya zamani akailamba, akafumba macho. Akasema, "Alaa." Akazunguka nje, akarudi ndani, akalamba tena upande wa pili. Kufika adhuhuri koti lilikuwa limetundikwa kwenye tawi na yeye yuko juu ya ukuta, miguu inaning'inia, anatuita tuone matofali yalivyofumwa pembeni ili mraba wa chini ugeuke duara juu.

"Hawa walikuwa wanajua!" alipiga kelele. "Hawa walikuwa wanajua kazi, haki ya Mungu!"

Lakini aliposhuka alikuwa amenyong'onyea. Mabati yangepatikana polepole. Matofali tungechoma wenyewe kwa udongo wa kichuguu. Kuba ndilo lilikuwa shida. Kuba linajengwa juu ya fremu ya mbao, mbao nyingi zilizopindwa, na mbao hazikuwapo. Milango ya nyumba kubwa ilichomwa kupikia, sakafu ilichomwa, hata ngazi. Nyingine walichoma askari, nyingine tulichoma sisi wenyewe tuliporudi, tusidanganyane.

Tukamwekea chakula. Sikuwa na tabaga, kwa hiyo mdogo wangu alileta ya kwake, ndogo, nyekundu na zambarau. Haji akaifunua, asile. Akaigeuza huku na huku, akafumba jicho moja, akainyoosha juu mpaka ikaziba ule mdomo wa kuba machoni pake. Wali unapoa. Tunamtazama.

"Mkwe," akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "unaweza kushona hii ikawa kubwa?"

"Kubwa kiasi gani?"

"Kama hilo shimo."

Mdogo wangu alianguka kwenye mkeka. Alicheka mpaka gurbaba yake, kitambaa chetu cha kujifunga, ikafunguka kiunoni na binti yangu akakimbia kumfunika, naye akaambukizwa, wakawa wawili chini. Haji hakujali. Akaeleza kwa mikono: matofali yanakwenda duara juu ya duara, na duara likishafunga linajishika lenyewe. Hahitaji mbao za kubeba uzito wote. Anahitaji kitu cha kumwonyesha mviringo na kushikilia tofali chokaa ikiwa mbichi. Nguzo za mkaratusi chini, magunia ya maganda ya kahawa kati, na juu kapu, gumu, lililogeuzwa.

"Na likianguka?" nikamuuliza.

"Likianguka, nikah ni Mbale na utakula kwangu kimya. Likisimama, namleta mwanangu hapa, na mimi mwenyewe nitatangulia na ngoma."

"Umesikia?" nikamwambia binti yangu.

"Nimesikia, Mama."

"Basi nyanyuka sakafuni. Una kazi."

Alituambia tushonee mlemle ndani. Lakini ndani kulinuka mbuzi, na baraza ya nyumba kubwa ina upepo wa ziwa. Tukashonea barazani. Wanawake wakaja, wengine kutoka mjini Jinja, wengine walileta ukindu kutoka Buwenge, na manyasi ya kujazia tulikata pwani ya ziwa. Mnajua tabaga inavyoanza: unakunja kamba ya nyasi kama konokono, unaishona kwa ukindu, unazunguka, na kamba ni moja tu tangu kitovu mpaka ukingoni. Nilipoketi kuanza kile kitovu vidole havikukumbuka. Vilikaa tu. Halafu sindano ikaingia yenyewe, ikatoka, na nikaona ninashona nyota za nyumba yetu, zile zinazokimbizana, alizonifundisha mama. Kila nyumba ina mchoro wake. Binti yangu hakuwahi kuuona wetu. Akauliza, "Hizi ni nini?" Nikamwambia, "Hizi ni wewe. Shika sindano."

Haji aliporudi kutoka Mbale akakuta kapu limefika kiunoni mwa mtu, lina nyota nyekundu na zambarau pande zote. Alishika kichwa.

"Rangi za nini? Jamani, hili litaondolewa! Litazikwa kwenye chokaa! Nani atalitazama?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiri. Ukindu ulipofika tuliweka chungu cha rangi jikoni kama tunavyoweka kila siku, na mchoro tukauweka upande wa nje, kwa sababu uso wa tabaga huelekea mgeni. Hatujui kushona vingine.

"Haji," mdogo wangu akamwambia, "sisi hatumwachi kitu akiwa uchi."

"Kitu si mtu!"

"Na wewe ungekuwa kitu tungekuvisha pia."

Akaenda kupiga kelele kwa matofali.

Kapu lilipokwisha, lilikuwa pana kuliko mlango wa msikiti, pana kuliko mlango wowote niliowahi kuuona. Watu wazima wote wale, mafundi wa kushona, na hakuna aliyepima. Haji alisimama tu mlangoni mwa msikiti akanyoosha mikono yake miwili kugusa miimo, akatutazama. Ikabidi tulipitishe kwa nje, tulisimamishe kwa ukingo tulisukume kama gurudumu mpaka chini ya ukuta, kisha kamba zilivute juu.

Tulisahau kwamba mdogo wangu alikuwa ndani ya kapu anakata ncha za ukindu.

Kapu si tairi. Haliendi moja kwa moja, linakata kona. Tukasukuma, upepo wa ziwa ukasukuma pia, likatuponyoka, likainama kushoto, likaanza kuteremka kilima. Kutoka ndani tukasikia sauti: "Wee! Wee! Weeeee!" Ndipo tulipohesabiana kwa macho. Binti yangu alipiga mbio, mimi nikapiga mbio, na nawaambia sikuwa nimepiga mbio tangu vita, na wakati ule sikuwa ninacheka. Sasa nilikuwa ninakimbia nimeshika gurbaba kwa mkono mmoja, nakemea kapu, "Simama! Nasema simama!" kama vile ni mtoto wangu. Haji alikuwa mbele yetu, kofia imeruka. Beberu naye akaona ni vizuri akimbie. Kapu likaruka mfereji, likazunguka mgomba, likaingia kwenye shamba la viazi la yule mwanamke wa nyanya na kujilaza pale chali, taratibu, kama limefika nyumbani.

Kichwa cha mdogo wangu kikatokeza. Ukindu kwenye nywele. Kisu bado mkononi.

"Nimekaangwa," akasema. "Nimekaangwa kama kahawa. Nani alikuwa anageuza?"

Mwanamke wa nyanya alitoka nyumbani kwake na jembe. Akalitazama kapu, akamtazama aliyemo ndani, akatutazama sisi wote tunahema. Mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni. "Nyinyi watu," akasema kwa Kiswahili chake, tena kizuri tu kumbe, "mlikimbia na bunduki, mnarudi na kapu?" Akaketi palepale kwenye tuta akacheka mpaka akapiga ardhi. Halafu akaita jamaa zake, na wao ndio walioshika ukingo wa upande wa chini tulipolipandisha. Siku ya pili alileta nyanya. Hazikufunikwa.

Basi likapanda ukutani kwa kamba, likageuzwa, likakaa juu ya nguzo zake na magunia yake. Haji akajenga. Tulikuwa tunapitishiana matofali mkono kwa mkono, tunaimba za harusi kabla ya wakati wake, na yeye juu anatukaripia kwamba tunaimba haraka kuliko chokaa inavyotaka. Duara likawa dogo, likawa dogo zaidi, mpaka likabaki tundu la kutosha sahani, na tofali la mwisho akalisukuma kwa kiganja. Tukaliacha likauke. Yeye alirudi Mbale kusubiri, na nasikia huko alikuwa hali chakula. Mimi nilikuwa nakula, lakini nilikuwa napitia njia ya msikiti hata nikienda kisimani, na kisima kiko upande mwingine.

Siku ya kuondoa kapu haji alifika mapema, kimya, na hilo peke yake lilitutisha. Akatoa magunia, akatoa nguzo moja moja, akibaki na chache za mwisho. Kapu sasa lilikuwa limeng'ang'ania chokaa. Akasema atalikata kwa shoka.

"Shoka litatikisa tofali," nikasema. "Haji, kapu hili ni kamba moja. Nikikata mshono wa ukingoni, litajifumua. Tunavuta polepole kupitia mlangoni, linakuja lote."

Alifikiri. Akakubali. Kisha akaamuru watu wote watoke nje, abaki yeye peke yake kwa sababu likianguka ni kazi yake.

"Na kapu ni langu," nikasema. Nikatandika mkeka chini ya kuba nikaketi.

"Mkwe, toka."

"Vuta nguzo zako."

Akanitazama. Akavuta. Akaketi kwenye ukingo wa mkeka wangu, mbali kwa adabu. Nikapiga kelele: "Haya!" Na nje binti yangu, aliyeshika ncha ya kamba pamoja na wanawake wenzake, akaanza kutembea.

Yeye alikuwa haoni ndani. Alikuwa anateremka kilima na kamba begani, na alichokuwa anasubiri ni sauti tu. Akisikia kishindo, ni Mbale. Mimi nilikuwa naona kamba inashuka kutoka ukingoni, inazunguka, inazunguka, nyasi na vumbi la chokaa vinatuangukia kichwani. Haji alikuwa anasoma dua na jicho moja liko juu. Kila mzunguko ulipobanduka ulitoa sauti kama kitambaa kinachochanwa, naye anashtuka, na mimi namwambia, "Keti vizuri, utaonekana mwoga," na mimi mwenyewe nimeshika mkeka kwa vidole vya miguu. Duara likapanda juu, likawa dogo. Kitovu changu, kile nilichokianza kwa vidole visivyokumbuka, kikang'oka mwisho kabisa na kumwangukia haji kwenye paja.

Kuba likabaki juu. Halikufanya lolote. Lilikaa tu.

Na ndipo tulipoona. Chokaa mbichi ilikuwa imekunywa rangi. Mistari yote ya mshono ilikuwa pale juu, mzunguko ndani ya mzunguko, na nyota za nyumba yetu zinakimbizana nyekundu na zambarau kutoka ukingoni mpaka kitovuni. Kuba zima lilikuwa tabaga, na sisi wawili tumekaa chini yake.

Haji akasema polepole, "Tumefunikwa kama wali."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti ambayo nyumbani kwangu hawaijui, na kuba likaipokea likairudisha nene zaidi, haji naye akaachia ya kwake, ile ya kuita watu ng'ambo ya mto, na huko chini kilimani tukasikia vigelegele. Binti yangu aliacha kamba akapanda mbio. Aliingia akasimama kati yetu, akainua uso, akazunguka mwenyewe akihesabu nyota kwa kidole mpaka akapepesuka.

"Ni zetu," akasema.

"Ngoma ninaileta mimi," haji akamwambia. "Nimeshindwa, nimeshindwa. Nikah ni hapa." Kisha uashi wake ukamrudia. Akafuta macho kwa mkono wenye chokaa, akayaharibu zaidi, akaonyesha mlangoni. Kumbe alikuwa ameloweka pipa zima la chokaa nyeupe, na watu wangu wa nyumbani wameshika brashi tayari. "Kesho kutwa wageni wangu wanafika. Ngoja tupake weupe hizi alama zipotee, liwe safi kama la mjini."

Binti yangu alishusha kidole.

Nikanyanyuka kwenye mkeka, nikajikung'uta nyasi, nikawageukia watu wa nyumbani kwangu pale mlangoni.

"Bebeni hilo pipa mkapake banda la mbuzi, ndani na nje, leo kabla ya alasiri. Na huku juu brashi isipande, niwe hai au niwe kaburini. Haya, nendeni. Na mmoja amtoe beberu kwenye mihrabu."